Andikeni Majina ya Watoto

Enyi watu wa Kigoma! Enyi wa Ujiji na Mwanga, wa Gungu na Katonga, wa Bangwe na Kibirizi, sikilizeni! Mkataba wa Erling Haaland mnaujua kuliko mkataba wa nyumba mnazopanga. Mnajua aliusaini Januari 2025 na kwamba utamfikisha 2034. Mnajua Chelsea walimchukua Enzo Fernández kwa paundi milioni 106.8 mwanzoni mwa 2023, na mwaka haujaisha wakamfuata Moisés Caicedo kwa dau linaloweza kufika milioni 115. Mnajua klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ikipata hasara inayozidi paundi milioni 105 katika miaka mitatu ilikuwa inaitwa kujieleza, na kwamba Everton walinyang'anywa pointi 10, zikarudishwa 4, kisha wakakatwa 2 nyingine msimu huohuo. Kijana aliyeikimbia hesabu shuleni anasimama kijiweni Mwanga na kueleza, bila kusitasita, jinsi bei ya mchezaji inavyogawanywa kwa miaka ya mkataba wake ili vitabu vya klabu visionekane vimelowa damu. Na anaeleza vizuri! Mhasibu wa halmashauri angevuta kiti amsikilize.

Sikuja kuwakataza mpira. Wanaoukataza wamehubiri miaka nenda miaka rudi na vibanda umiza bado vinafurika. Nimekuja na swali moja, na sitaondoka hapa mpaka nipate jibu: yule mtoto anayepiga chenga mchangani nyuma ya nyumba yako, jina lake limeandikwa wapi?

Mnanyamaza. Basi nisikilizeni mimi.

Katika habari zote za usajili mnazokesha nazo, ipo moja tu inayowahusu ninyi kwa pesa, na hiyo ndiyo msiyoijua. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya fedha hiyo hukatwa na kugawiwa timu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu wa miaka 16 mpaka 23 una nusu ya asilimia moja. Jumlisheni, mtapata 5. Huo ndio mgao wa mshikamano. Hawaulizi kama timu yenu ni tajiri. Hawaulizi kama mna nyasi au mna vumbi, kama mnavaa viatu au mnacheza peku. Wanauliza kama mtoto huyu alisajiliwa kwenu, kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani, na karatasi iko wapi.

Tazameni Paul Pogba. Manchester United walikuwa naye, akawaponyoka 2012 akaenda Juventus, wakamrudisha 2016 kwa paundi milioni 89, na 2022 akaondoka tena bila wao kupata hata senti. Tumecheka mpaka mbavu zikauma, hasa sisi wa upande ule mwingine. Lakini rudini nyuma kidogo. Kabla ya Turin na kabla ya Manchester, Pogba alikuwa mtoto wa vitongoji vya Paris. Alianza Roissy-en-Brie, akapita Torcy kwa msimu mmoja, akaenda Le Havre. Msimu mmoja tu Torcy! Haya, toeni simu zenu, fungueni kikokotoo kilekile mnachopigia hesabu za mkeka. Robo ya asilimia moja ya paundi milioni 89 ni paundi 222,500. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 600. Hiyo ndiyo haki ambayo kanuni inaipa timu ya kitongoji kwa kukaa na kijana wa miaka 13 kwa msimu mmoja. Torcy hawakumfundisha kupiga mashuti ya mbali peke yao, wala hawakuwa na bahati ya ajabu. Ila kulikuwa na mtu pale, jioni moja baada ya mazoezi, aliyeketi mezani akajaza fomu.

Mtasema hayo ni ya Wafaransa. Haya, njooni nyumbani. Januari 2020 Aston Villa walimnunua Mbwana Samatta kutoka Genk kwa kile ambacho magazeti ya Uingereza yalikitaja kuwa takriban paundi milioni 8.5. Siku alipofunga dhidi ya Bournemouth, na tena alipowafunga Manchester City kwa kichwa pale Wembley, Machi 1, nchi nzima ilisimama. Samatta alilelewa Mbagala, akapita Simba, akachukuliwa na TP Mazembe 2011. Nusu ya asilimia moja ya dau lile la Villa, kwa kila msimu mmoja aliokaa na timu ya nyumbani baada ya kutimiza miaka 16, ni paundi 42,500. Kwa thamani ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 120. Kwa msimu mmoja! Kwa timu moja! Hebu kila mmoja wenu hapa aseme timu ya mtaa wake ingefanya nini na milioni 120. Mimi najua zenye mpira mmoja, na mpira wenyewe umeshonwa.

Na Kigoma hii si nchi kame ya vipaji, msiniambie. Ukoo wa Manara asili yake ni hapa, na Sunday Manara alikuwa akisakata soka Uholanzi, katika klabu ya Heracles, miaka ya 1970, wakati wengi wenu hamjazaliwa na baba zenu walikuwa wakimsikiliza redioni. Juma Kaseja ametoka hapa, akalinda lango la Simba, la Yanga na la Taifa Stars mpaka watu wakadhani kipa mwingine hajazaliwa. Baada yao wametoka wengine, na wengine, na bado wanatoka. Wanapanda treni mwisho wa reli wakiwa na begi moja la mgongoni. Mnawasindikiza stesheni. Halafu timu iliyomlea mtoto tangu akiwa na miaka 11 inapewa nini?

Niseme nilichokiona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja. Inapewa seti ya jezi. Jezi 16, zenye namba zinazobanduka baada ya kufuliwa mara tatu, na mipira miwili. Mjumbe wa timu kubwa anakuja, anatazama mechi akiwa amesimama chini ya mwembe, anaongea na mzazi pembeni, anampa kocha jezi, watu wanapiga makofi. Hakuna barua. Hakuna sahihi. Hakuna aliyesema, tafadhali mheshimiwa, tuandikiane kwamba mkimuuza kesho tutapata asilimia fulani. Kocha wa mtaa, mtu aliyetumia nauli yake na sabuni yake kwa miaka sita, anarudi nyumbani amebeba fulana za nailoni, na anaona amependelewa.

Huo ni wizi, ndugu zangu, lakini mwizi hatumpati kwa sababu sisi wenyewe ndio tulioacha mlango wazi!

Maana ndondo zetu tunaziendeshaje? Mamluki anatoka Kasulu asubuhi, anacheza kwa jina la mtu aliyelala nyumbani na malaria, anafunga mabao mawili, analipwa elfu kumi na chakula, jioni anarudi kwao. Mwenye mabao ni nani? Kwenye karatasi ya mechi ni mgonjwa. Mtoto wa miaka 17 tunampunguza awe 14 ili timu ibebe kombe la mbuzi, na miaka miwili baadaye anapopata nafasi ya kweli, cheti chake kinapishana na daftari, daftari linapishana na shule, na hakuna klabu yenye akili itakayomgusa. Tumemuua kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe aliliwa usiku uleule.

Sasa geuzeni nyuso zenu, tazameni ziwa. Mikoa mingi ya Tanzania inaweza kusema habari za kimataifa ziko mbali, lakini si sisi. Ng'ambo ile ni Kalemie. Kaskazini kule ni Uvira na Bujumbura. Shukeni kusini mtafika Mpulungu, Zambia. Nchi nne zinakunywa maji haya mamoja. Kijana wa Ujiji akienda kuchezea timu ya Burundi au ya Kongo, hata kama nauli yake ilikuwa ya mtumbwi, mbele ya FIFA amehama nchi: inatakiwa hati ya uhamisho wa kimataifa, na timu hiyo ikimuuza mbele kwa fedha kwenda nchi nyingine, mgao unahesabiwa mpaka kwenu. Mazembe waliomchukua Samatta ni wa Lubumbashi, nyuma ya milima ile mnayoiona jua likizama. Sisi tuko karibu na mlango kuliko Dar es Salaam, na ndio tuliolala.

Ziwa hili limekwisha kutoa watoto wa Ligi Kuu ya Uingereza. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura 1993. Gaël Bigirimana naye Bujumbura, mwaka huohuo. Wote wawili walifika Uingereza wakiwa watoto, wakimbizi wa vita. Inasimuliwa kwamba Bigirimana alitumwa maziwa dukani, akapita mbele ya kituo cha vijana cha Coventry City, akaingia kuomba majaribio. Akafika Newcastle, akacheza Ligi Kuu, na mwaka 2022 maisha yakamrudisha upande wetu akiwa na jezi ya Yanga. Hao walivuka kabla ya umri ambao kanuni inaanza kuhesabu, kwa hiyo pwani yetu haikuwa na haki ya kudai. Sawa. Lakini hawa tunaokaa nao mpaka miaka 17, 18, 19? Hawa tunaowajua mpaka majina ya bibi zao?

Na habari ya Berahino ina jambo lingine ambalo sitaki lipite. Msimu wa 2014/15 aliifungia West Brom mabao 14 ya ligi. Kiangazi kilichofuata tetesi zikamzunguka kama nzi: anakwenda Tottenham, haendi, anakwenda. Siku ya mwisho ya dirisha, Septemba 1, 2015, ofa zikakataliwa, naye kwa hasira akaandika hadharani kwamba hatamchezea tena mwenyekiti Jeremy Peace. Alikuwa na miaka 22. Januari 2017 Stoke wakamnunua kwa paundi milioni 12, lakini ukame wa mabao ulikuwa umekwisha kumwingia, na mpaka anafunga tena, Agosti 2018, zilikuwa zimepita siku zaidi ya 900. Simhukumu. Kijana aliyempoteza baba vitani na kuvuka dunia akiwa na miaka kumi hahukumiwi na watu waliokaa kwenye benchi na kahawa. Nawauliza ninyi mnaosema "tetesi hazimdhuru mtu": nani alikula katika kiangazi kile? Waandishi walikula. Mawakala walikula. Kampuni za kamari zilikula. Mchezaji alibaki na njaa.

Ninyi mnazilisha tetesi hizo kwa vifurushi vyenu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nchi zote nne kwa pamoja, ili samaki wapumzike. Miezi mitatu! Na katikati yake dirisha la Uingereza likafunguliwa. Nakumbuka mwalo wa Kibirizi siku zile, mitumbwi imepinduliwa juu ya mchanga, taa zimetundikwa majumbani, na vijana wenye nguvu wameketi kivulini wakigombana, nusura wapigane, kama United wamuuze Rashford au wamwache. Miezi mitatu ya mikono mitupu, na watoto wanacheza hatua 50 kutoka pale. Nani aliinuka akawapanga kwa umri? Nani aliwaandika?

Wengine mtaniambia shida yetu ni kocha. Ah, kocha! Nimewasikia. Kila timu ikifungwa, kocha. Simba walifungwa 5–1 na Yanga Novemba 5, 2023, Robertinho akafungashiwa virago kabla wiki haijaisha. Akaja Benchikha, na Aprili 2024 hapahapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Mashujaa wakawatoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho, na mwezi huohuo Benchikha naye akaaga. Yanga, kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025, walipita kwa Ramovic, kwa Hamdi, kwa Folz, wakamfikia Pedro Gonçalves. Uingereza ni vilevile: Erik ten Hag aliongezewa mkataba Julai 2024 na kufukuzwa Oktoba, na kuondoka kwake na wasaidizi wake kukaigharimu Manchester United zaidi ya paundi milioni 10. Angalieni jambo hilo vizuri. Aliyeshindwa kazi alilipwa mamilioni, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Mwalimu wenu wa mchangani ambaye hajashindwa kazi hata siku moja hana karatasi, na hapati hata soda.

Wengine mnangoja mfadhili. Mwaka wa uchaguzi anakuja, anatoa kombe lenye jina lake, jezi zenye picha yake, ng'ombe wa mshindi. Kura zikihesabiwa hata simu hapokei. Uingereza nako wamengoja wafadhili, na wengine wamezikwa nao. Iko klabu iliyoitwa Bury, ilianzishwa 1885, miaka 29 kabla reli haijafika Kigoma. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 ikauzwa kwa paundi moja, naam, moja, kwa mtu aliyeahidi kuiokoa. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuonyesha pesa za kujiendeshea. Miaka 134 ya historia, na jioni moja mashabiki walikuwa nje ya geti wakilia. Mnaijua bei ya Caicedo. Ijueni na bei ya Bury.

Na kamari, niseme upesi kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Wao wameanza kuona haya. Wewe elfu mbili ya mkeka wako Jumamosi hii ingelipia nakala za vyeti vya watoto kadhaa.

Ngoja sasa niwaonyeshe mwalimu wa jambo hili, na hamhitaji kumfuata Zurich. Nendeni Kibirizi alfajiri, giza likiwa bado. Mitumbwi inapoegeshwa na dagaa wanapomiminwa kwenye mabeseni, mtazameni mama mnunuzi. Kwapani ana kaunta buku iliyofungwa kwenye nailoni ili maji yasiiguse. Kalamu imefungwa kwa uzi. Beseni halijatua chini, ameshaandika: jina la mtumbwi, jina la nahodha, mabeseni mangapi, alikopesha mafuta kiasi gani juzi, alitoa kiasi gani cha kutengeneza taa. Deni likilipwa, anapiga mstari wa kalamu nyekundu. Nahodha mwenye kifua kama mlango akileta ubishi, mama hapigi kelele. Anafunua ukurasa. Ubishi umekwisha. Kwa wengine wenu mama huyo ndiye mama yenu, ndiye aliyewasomesha kwa daftari lile. Kwa nini dagaa wa Kibirizi wanaandikwa beseni kwa beseni na mtoto wa Kibirizi haandikwi?

Ninyi Waislamu wenzangu wa Ujiji, mnajua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu nini. Iko Sura ya Al-Baqara, na inahusu kuandika deni, na mwandishi, na mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuona kuwa ni jambo dogo. Na ninyi Wakristo mnafungua Agano Jipya na ukurasa wa kwanza kabisa mnaokutana nao ni orodha ya majina, nani alimzaa nani. Sisi ni watu wa vitabu pande zote mbili, tunaabudu kwa vitabu, tunaoana kwa vitabu, tunakopeshana dagaa kwa vitabu, kisha ikifika kwenye jasho la watoto wetu tunasema "tunajuana tu."

Hapa kwetu hili lina uzito ambao Dodoma au Tanga hawaujui. Mtoto wa Kigoma akifika mbali kidogo anaulizwa: wewe ni wa wapi kweli? Lugha yako mbona kama ya ng'ambo? Babu yako alizaliwa wapi? Mmanyema anaulizwa, Muha anaulizwa, Mbembe anaulizwa. Tumelalamika sana juu ya maswali hayo, na tuna haki ya kulalamika. Lakini kijana anayeitwa na klabu Ijumaa, na dirisha linafungwa Jumatatu, hawezi kuanza kutafuta cheti cha kuzaliwa cha RITA Jumamosi. Ofisi imefungwa. Nafasi imekwenda kwa mwingine. Cheti kinatafutwa mtoto akiwa na miaka minne, si siku basi linapowasha injini.

Na muogopeni mtu anayejiita wakala na hana leseni. Siku hizi wakala wa kweli hufanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na jina lake mnaweza kulitafuta. Huyu anayekuja na picha za Ulaya kwenye simu na kudai "ada ya majaribio" ni tapeli, hata akivaa suti. Kumbukeni pia kwamba kwa kanuni kuu, aliye chini ya miaka 18 hasajiliwi na klabu ya nchi nyingine. Yapo mambo machache yanayoruhusiwa, na hakuna hata moja linaloanza na baba kuuza mtumbwi. Mzazi mwenzangu, ukiuza mtumbwi kumpa tapeli, utakuwa umempoteza mtoto na ziwa siku moja.

Kuna mtu pale nyuma anasema, "Mzee, katika watoto mia atafika mmoja." Hata huyo mmoja hatafika! Pengine atafika mmoja katika elfu tano. Haya, ni yupi? Nionyeshe kwa kidole sasa hivi, tumwandike huyo peke yake tuwaache wengine. Huwezi. Mimi siwezi. Hata waliompa Pogba jezi ya Torcy hawakuweza. Kwa hiyo wote wanaandikwa, mwenye kasi na mwenye kigugumizi cha miguu, mvulana na msichana, maana mgao huu haubagui, na mkoa huu uliwahi kuwa na Kigoma Sisterz kwenye Ligi Kuu ya Wanawake kabla baadhi yenu hamjakubali kwamba binti anaweza kupiga kona. Faida nyingine inakuja hata kama hakuna atakayeuzwa: timu yenye daftari haidanganyi umri, haichezeshi mgonjwa, na mzazi anajua saa kumi jioni mwanawe yuko wapi na kwa nani.

Na siku hizi kazi imerahisishwa. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA wana chombo chao cha malipo, kiko Paris, ambacho kinafuatilia safari ya mchezaji kupitia rekodi za usajili za mashirikisho na kugawa fedha kwa timu zilizomo. Timu zilizomo! Zamani ulihitaji mwanasheria wa kukudai mgao. Sasa mfumo unakutafuta wenyewe, lakini unatafuta ndani ya kumbukumbu za shirikisho letu, TFF, hauji Gungu kuuliza kwa majirani. Kama timu yako haitambuliwi na chama cha soka cha wilaya, wewe haupo. Kama ipo lakini mtoto hakusajiliwa, yeye hakuwahi kuwa wako. Mtalia hadithi redioni, "huyu tulimlea sisi," na mtangazaji atawaonea huruma, kisha ataweka wimbo.

Basi fanyeni hivi, na fanyeni wiki hii, kabla ya mechi za Jumamosi. Ninyi vijana mnaojua hesabu za Chelsea, ninyi ndio wahasibu niliokuwa nawatafuta; kila kijiwe kitoe wawili wapewe kitabu cha timu ya mtaa. Katibu na mwenyekiti wapeleke timu wilayani isajiliwe, na ada ikiwa nzito ichangwe kibandani, mia mbili mia mbili. Wazazi walete vyeti, na asiye nacho aandikwe hivyohivyo huku akisindikizwa kukitafuta. Mjumbe wa klabu kubwa akija kuchukua mtoto, mpeni kiti, mpeni maji, kisha mpeni karatasi yenye asilimia mnayotaka akimuuza mbele, na jezi zake mzipokee baada ya sahihi. Akikasirika, mwacheni akasirike.

Na wewe mwenye kibanda, unayefungua saa nane kwa ajili ya mechi ya kwanza, weka meza mlangoni. Juu yake kaunta buku mpya, pigia mistari ukurasa mzima. Safu ya kwanza jina kamili kama lilivyo kwenye cheti. Ya pili tarehe ya kuzaliwa, ya kweli. Ya tatu jina la mzazi na mtaa. Ya nne tarehe aliyojiunga na timu, ya tano nafasi iachwe wazi kwa tarehe ya kuondoka na klabu aliyokwenda. Wino, si penseli. Ukurasa ukijaa, toeni nakala tatu, moja ibaki kwa kocha, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, na ya tatu ipelekwe ofisi ya chama cha soka cha wilaya Jumatatu asubuhi, na aliyeipeleka asitoke pale mpaka wameigonga muhuri.